Maji ya Kisima na Samaki wa Nyumbani

Kufuga samaki ndani ya tangi la kioo si jambo geni tena katika nyumba za Kenya. Zamani tangi la namna hiyo lilionekana katika hoteli kubwa na katika nyumba za wenye mali tu. Siku hizi laweza kuonekana katika sebule ya mwalimu, katika duka la kinyozi, na katika darasa la shule. Wako wanaofuga samaki wa dhahabu kwa ajili ya uzuri wao. Wako wanaofuga ngege wadogo, ambao wengine huwaita perege, ili watoto wajifunze maisha ya viumbe. Na wako waliofuga kwa sababu mtoto aliomba na baba yake hakuweza kukataa.

Lakini maji ya bomba hayapatikani kila mahali, na hata mijini yana siku zake za kuja na siku zake za kukosekana. Kwa sababu hiyo watu wengi hutumia maji ya kisima, na hapo ndipo shida inapoanza. Mara nyingi samaki hufa siku ile ile wanapobadilishiwa maji, na mwenyewe asijue sababu.

Mambo huwa hivi. Mwenye nyumba aona ya kuwa maji ya tangi yamegeuka kijani na yana harufu. Siku ya Jumamosi ayamwaga yote, asugua kioo mpaka king'ae, kisha ateka maji kisimani na kulijaza tangi. Maji ni maangavu, ni baridi, na ni matamu kinywani. Watoto wafurahi. Kabla ya jua kutua samaki wamepanda juu, midomo wazi, wakihema kama mtu aliyepanda mlima mbio. Asubuhi yake wote wanaelea, matumbo juu. Huyu asema muuzaji aliuza samaki wagonjwa. Yule asema jirani ana jicho la husuda. Kumbe ni maji yaliyowaua, na aliyewapa maji hayo alikusudia kuwatendea wema.

MAJI YALIYOKAA GIZANI

Ili kuelewa jambo hili, yafaa kuifuata safari ya maji yenyewe. Maji ya kisima yalikuwa mvua kwanza. Yaliponyesha yalikuwa na oksijeni, yaani ile sehemu ya hewa inayotupa uhai. Kisha yakazama katika udongo, yakapita kati ya mizizi na majani yaliyooza, ambamo vijidudu vingi sana huishi. Vijidudu hivyo huitumia oksijeni iliyomo majini, na badala yake hutoa kaboni dioksidi, ambayo ni hewa ile ile itokayo katika pumzi ya mtu. Baada ya hapo maji yakakaa chini ya miamba, mahali pasipo upepo wala mwanga wala majani ya kuyarudishia oksijeni. Mengine hukaa huko miezi. Na katika visima virefu vilivyochimbwa kwa mitambo, yaweza kuwa yamekaa miaka mingi sana.

Basi yanapotolewa juu, maji hayo ni maangavu lakini hayana pumzi. Jicho la mtu haliwezi kuona tofauti, wala ulimi hauwezi kuionja. Samaki huitambua mara moja, kwa maana yeye hupumua oksijeni iliyoyeyuka ndani ya maji, akiivuta kwa matamvua yake yaliyo chini ya mashavu. Hata katika maji mazuri oksijeni hiyo ni haba. Katika joto la nyuzi 25, mahali palipo usawa wa bahari, lita moja ya maji huweza kushika milligramu 8 hivi za oksijeni, na lita moja ya hewa ina zaidi ya mara 30 ya kiasi hicho. Tena mtu apandapo nchi ya juu, kiasi hupungua: kama joto ni moja, maji ya Nairobi hushika pungufu ya maji ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Samaki anayetiwa katika maji yaliyokosa hata sehemu hiyo ndogo ni sawa na mtu aliyefungiwa ndani ya sanduku.

Kaboni dioksidi nayo hufanya dhara lake. Ikiwa nyingi majini, samaki hawezi kuitoa ile iliyomo katika damu yake. Damu yake hugeuka kuwa na ukali kama wa siki, na uwezo wake wa kuchukua oksijeni hupungua. Hivyo maji mabichi ya kisima humkaba samaki kwa njia mbili kwa wakati mmoja.

Visima vingine vina hewa ya tatu, ile inayonuka kama yai viza. Hewa hiyo ni sumu kali kwa samaki hata ikiwa kidogo sana. Na maji yanayosukumwa na pampu kutoka chini sana, yakiwa yamebanwa kwa nguvu, huweza kushika hewa kupita kiasi chake. Yakitiwa katika tangi mara moja, vitone vidogo vya hewa hushika kioo, kama vile vinavyoonekana katika chupa ya soda iliyofunguliwa. Vitone vya namna hiyo huweza kutokea hata ndani ya damu na ngozi ya samaki, vikamwua.

Mambo yote hayo manne yana dawa moja, nayo haiuzwi dukani. Ni hewa ya kawaida pamoja na muda. Maji yakiwekwa katika chombo kipana kilicho wazi, yakakorogwa mara kwa mara au kumiminwa kutoka debe hata debe, au yakitiwa mpira wa pampu ndogo ya hewa usiku kucha, hewa mbaya hutoka na oksijeni huingia. Muda wa saa 24 watosha kwa visima vingi. Maji yenye harufu ya yai viza yafaa kukorogwa nje ya nyumba, na yasitumiwe mpaka harufu imekwisha kabisa.

Wako wanaofikiri ya kuwa kuchemsha maji kutawasaidia samaki, kama kunavyowasaidia watu. Kuchemsha huua vijidudu vya maradhi, hiyo ni kweli, lakini pia hufukuza oksijeni yote iliyokuwamo. Maji yaliyochemka na kupoa, yakimwagwa katika tangi bila kutiwa hewa, huweza kuua upesi.

KUTU ISIYOONEKANA

Katika sehemu nyingi zenye udongo mwekundu, maji ya kisima huwa na chuma. Chuma hicho hakionekani wakati wa kuteka, kwa sababu kimeyeyuka. Kikikutana na oksijeni hugeuka kutu: maji huwa ya manjano, kisha tope la rangi ya matofali hukaa chini ya chombo. Mama wa nyumba hulijua jambo hili kwa nguo nyeupe zinazopata madoa, na kwa chai ya rangi inayogeuka nyeusi kuliko ilivyo desturi.

Ikiwa mabadiliko hayo yatatokea ndani ya debe, hakuna hasara. Yakitokea ndani ya tangi, kutu hushika matamvua ya samaki na kuziba njia ya pumzi yao, na mayai yao hufunikwa yakafa. Kwa hiyo maji yenye chuma yatiwe hewa kwanza, yaachwe yatulie, kisha yatekwe yaliyo juu polepole na kuchujwa kwa kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Tope la chini limwagwe shambani.

MAJI MAGUMU NA MAJI LAINI

Maji hayafanani kila mahali. Katika pwani visima vingi vimechimbwa katika mwamba wa matumbawe, ambao ni chokaa. Maji yake huwa magumu, na karibu na bahari huwa na chumvi pia. Katika milima ya nchi ya juu maji ya mvua na ya vijito ni laini. Katika Bonde la Ufa visima vingi vina magadi, na vingine vina madini yanayogeuza meno ya watoto kuwa ya kahawia.

Kuyatambua maji magumu si kazi. Sabuni haitoi povu upesi, na birika hupata ukoko mweupe ndani. Maji ya namna hiyo si mabaya kwa samaki wote. Kila samaki ana maji yake, kama vile kila mmea una udongo wake. Katika ziwa Magadi wako samaki wadogo wa jamii ya ngege wanaoishi katika maji ya moto yenye magadi makali, ambayo samaki wengine hawawezi kuyavumilia hata kidogo. Kwa upande mwingine, trauti walioletwa Kenya tangu mwaka wa 1905 huishi katika vijito baridi vya milimani, nao wangekufa katika maji ya uvuguvugu ambayo ngege huyapenda. Samaki wa dhahabu huvumilia maji ya namna nyingi, hata ya baridi. Kwa hiyo yeye afaa sana kwa nyumba za nchi ya juu. Ngege hupenda joto, naye huvumilia maji magumu. Samaki wengi wadogo wenye rangi za kung'aa, waliotoka katika mito ya Amazon, hupenda maji laini.

Basi ni busara kuyajua maji ya kisima kwanza, ndipo kuchagua samaki, wala si kununua samaki kwanza kisha kushindana na maji. Ikiwa maji ni magumu mno, yaweza kuchanganywa na maji ya mvua, nusu kwa nusu. Mvua ya kwanza iachwe ioshe vumbi na mavi ya ndege juu ya paa, na maji yatekwe baadaye.

Tena wengi hukosea kwa jambo hili: maji ya tangi yakipungua kwa jua, huongeza tu mengine. Maji yanapopanda kuwa mvuke, chokaa na chumvi hubaki. Kila debe linaloongezwa huleta chokaa nyingine juu ya ile ya kwanza, mpaka maji yawe makali. Yafaa kutoa maji ya zamani kidogo kila mara, si kuongeza tu.

KWA NINI MAJI YOTE YASIMWAGWE

Jambo lililo kubwa kuliko yote halitoki kisimani, bali hutoka kwa samaki wenyewe. Samaki hutoa amonia kwa matamvua yake na katika uchafu wake, na chakula kilichobaki kikioza hutoa amonia pia. Amonia ni sumu. Lakini Mungu ameweka vijidudu vyema vinavyoishi juu ya changarawe, juu ya kioo na ndani ya chujio. Aina moja huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Aina nyingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo haina ukali huo. Katika tangi jipya vijidudu hivyo huhitaji wiki nne hadi sita mpaka viwe vya kutosha. Kwa hiyo tangi jipya litiwe samaki wachache tu kwanza, nao walishwe kidogo.

Mwanakemia mmoja wa London, Robert Warington, alionyesha mwaka wa 1850 ya kuwa samaki wa dhahabu wangeweza kukaa muda mrefu pamoja na majani ya maji na konokono bila maji kubadilishwa kila siku, kwa sababu kila kimoja kilimsaidia mwenziwe. Majani yalitoa oksijeni, nao konokono walikula majani yaliyooza. Mambo ya vijidudu hayakuwa yamejulikana wakati huo, lakini somo lake halijabadilika: tangi la samaki ni kama kijiji kidogo, na anayesugua kila kitu kwa sabuni na kumwaga maji yote amekibomoa kijiji hicho.

Hapa maji ya kisima yana hatari moja ambayo hata wafugaji wa siku nyingi huisahau. Ukali wa amonia hutegemea kipimo kiitwacho pH, kinachoonyesha kama maji yana ukali wa siki au ukali wa magadi. Katikati ni 7. Katika joto la nyuzi 25, maji yakiwa na kipimo cha 7, ni kama nusu sehemu tu katika mia ya amonia iliyo katika hali ya sumu. Kipimo kikipanda hata 8, sehemu hizo huwa 5 katika mia. Na kikifika 9, huwa zaidi ya 30. Sasa tangi lililoachwa muda mrefu huelekea upande wa siki, na amonia nyingi iliyomo hukaa bila kudhuru sana. Mwenye tangi aamkapo siku moja na kutia maji mengi ya kisima yenye chokaa au magadi, kipimo hupanda ghafula, na amonia ile iliyokuwa imelala huamka kuwa sumu kwa saa chache. Ndiyo maana tangi lililoachwa zaidi ndilo linalohitaji kubadilishwa maji kidogo kidogo zaidi.

KISIMA NA CHOO

Nitrati huweza kuwamo kisimani tangu mwanzo, hasa ikiwa kisima ki karibu na choo cha shimo, zizi la ng'ombe, au shamba linalotiwa mbolea nyingi. Samaki wakubwa huivumilia kiasi, lakini mwani huipenda sana, na tangi hugeuka kijani kila wiki hata likisafishwa namna gani. Mwenye kuona hivyo na afikiri juu ya nyumba yake pia, si juu ya samaki tu. Maji yenye nitrati nyingi ni hatari kwa watoto wachanga wanaokorogewa maziwa ya unga kwa maji hayo. Choo kiwe mbali na kisima, mita 30 au zaidi, nacho kiwe upande wa chini wa mteremko.

Wala mtu asidanganyike kwa kusema, "Samaki wanaishi katika maji haya, basi nasi twaweza kuyanywa." Vijidudu vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havimwui samaki, bali humwua mtu. Maji ya kunywa na yachemshwe au yatiwe dawa, hata kama samaki wanacheza ndani yake.

Na kisima kikitiwa dawa ya klorini, kama ifanywavyo wakati wa maradhi au baada ya mafuriko, maji yake yasitiwe katika tangi mpaka harufu ya dawa imekwisha na maji yamekaa wazi na kutiwa hewa siku moja au mbili. Klorini huchoma matamvua. Siku nyingine zote, kukosa klorini ndiyo faida kubwa ya kisima juu ya bomba.

NAMNA YA KUTAYARISHA MAJI

Kwa ufupi, kazi yenyewe ni hii:

1. Kwanza maji yajaribiwe. Chupa nyeupe ijazwe nusu, ifunikwe, itikiswe kwa nguvu, kisha inuswe. Halafu iachwe wazi usiku mmoja. Tope jekundu likionekana asubuhi, kisima kina chuma. Maduka yanayouza samaki huuza pia karatasi za kupimia pH na ugumu wa maji.

2. Maji yatekwe kwa chombo ambacho hakijatiwa sabuni wala mafuta. Ndoo ya plastiki ni bora kuliko ndoo mpya ya bati, kwa sababu zinki iliyopakwa juu ya bati ni sumu kwa samaki, hasa katika maji laini. Birika jipya la saruji nalo lilowekwe na kumwagwa mara nyingi kwa wiki kadhaa kabla ya kutumika.

3. Maji yakae saa 24 katika chombo kipana kilicho wazi, yakikorogwa au kutiwa hewa. Yafunikwe kwa chandarua ili mbu wasitage.

4. Yawekwe karibu na tangi mpaka joto lake lilingane na la tangi. Mtu asiye na kipimajoto aweza kutia mkono mmoja huku na mwingine huku.

5. Maji ya tangi yatolewe robo tu, au chini ya robo, mara moja kwa wiki. Maji mapya yamiminwe polepole.

6. Chujio lisuguliwe katika maji yaliyotolewa tanginini, si katika maji ya bomba wala kwa sabuni, ili vijidudu vyema visife.

7. Samaki wakionekana wakihema juu ya maji, wasilishwe. Maji yakorogwe au yatiwe hewa mara moja, na sababu itafutwe baadaye.

Kazi hii si kubwa. Mtoto wa miaka kumi aweza kupewa kazi ya kuteka ndoo moja Ijumaa jioni na kuikoroga kila apitapo, ili Jumamosi jioni maji yawe tayari. Atajifunza kwa macho yake ya kuwa maji maangavu si lazima yawe maji mazuri, na somo hilo litamfaa hata atakapokuwa na nyumba yake na kisima chake. Waswahili husema haraka haraka haina baraka. Mwenye nyumba aliyeelezwa hapo mwanzo hakukosa bidii wala hakukosa huruma. Alichokosa ni kuyapa maji yake siku moja ya kupumua kabla ya kuwatia samaki.